Gari Lenye Uso wa Katibu

Gari la Sabina lilipotoka gerejini mara ya kwanza, watu wa mtaa wa Rahaleo walisema limetoka kuoga likasahau kanga. Halikuwa na paa, halikuwa na milango, halikuwa na madigadi. Boneti iliachwa makusudi ili injini ionekane yote, na mabomba manne ya moshi yalitokeza ubavuni kama mbavu za mbuzi wa kiangazi. Magurudumu ya nyuma yalikuwa makubwa kuliko ya mbele, kwa hiyo hata likiwa limesimama lilionekana linaaga. Dereva alikaa chini kabisa, karibu na vumbi, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayesukwa nywele.

Watu waliuliza linakwenda wapi. Hilo halikuwa na jibu, maana gari lile halikutengenezwa liende mahali. Lilitengenezwa lizunguke.

Sabina mwenyewe alikuwa fundi wa magari, mtoto wa mwalimu kutoka Songea, aliyejifunza spana Jeshi la Kujenga Taifa na kupangiwa kazi gereji ya serikali pale Mtwara. Alikuwa fundi mwanamke pekee, na kwa sababu hiyo alipiga pasi ovaroli. Ndiyo, ovaroli, na mkunjo ukasimama mbele kama wa suruali ya karani. Nywele zake zilisukwa kila Jumamosi, gerejini kulikuwa na kioo alichokitundika yeye, na mpiga picha wa mjini alikuwa anajua kwamba dada yule hapigwi ila kwa upande wa kushoto, tena akiwa amefunga mdomo, kwa kuwa aliamini akiufungua anafanana na shangazi yake.

Gari alilikuta kijiji cha Ziwani. Alikuwa ametumwa kufufua lori lililozimika njiani, akaingia kwa Bibi Hadija kuomba maji ya rejeta, akakuta kuku wa Bibi wanaishi ndani ya Fodi kuukuu chini ya mikorosho. Mtetea mmoja mweusi alikuwa ameatamia kwenye kiti cha dereva na kumtazama Sabina kama mwenye nyumba anavyomtazama mdai.

Bibi Hadija alimsimulia. Zamani zile za Waingereza wa karanga, karanga zilipokataa kuota, Waingereza wale wakawa hawana la kufanya Jumamosi. Wakafyeka duara kubwa, wakavua magari yao nguo zote, wakawa wanafukuzana kwenye vumbi, mkia wa gari ukiteleza huku na pua ikitazama kule. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa akimwagia duara maji. Walipoondoka walimwachia gari moja, kwa shukrani au kwa uvivu wa kulibeba.

"Walikuwa wanazunguka tu, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Na anayeshinda anafika palepale alipotoka. Nikamuuliza mume wangu, sasa huyu ameshinda nini? Akaniambia nyamaza, utawatia aibu."

Sabina hakusikia tena habari ya lori. Alifungua injini, akaingiza kidole, akakinusa. Kabla jua halijainama walikwisha kukubaliana: gari lake, kuku wa Bibi, mtetea asiondolewe mpaka atotoe, na siku litakapowaka, lizunguke mbele ya macho yake, Bibi acheke. Ndiyo maana Sabina alifanya matengenezo ya kwanza akiwa amelala chini ya gari, na kila alipogonga nyundo, juu yake mtetea alimtukana.

Andrea, msimamizi wa gereji, mtu mpole aliyeogopa wakubwa kuliko alivyoogopa nyoka, alimruhusu atumie ua wa nyuma baada ya saa za kazi. Vifaranga walipotoka, gari likavutwa mpaka hapo, na mambo yakaenda. Kilichokosekana kilikuwa pua. Mbele ya rejeta palihitajika kitu cha kufunika, na mabati mwaka ule yalikuwa yanasikika redioni tu. Sabina akaenda kwa Issa.

Issa alikuwa mchongaji Mmakonde aliyekaa kibarazani karibu na soko, mkimya, mwenye tezo lenye makali ya wembe. Alimsikiliza Sabina mpaka mwisho, akakubali kwa masharti mawili. La kwanza, hatachonga kwa mpingo, kwa sababu mpingo ungelipigisha gari magoti. Atatumia ule mti mwepesi wanaochongea vinyago vya ngoma, ingawa hiki hakitakuwa kinyago cha ngoma, maana cha ngoma hakikai juani kutazamwa na kila mpita njia. La pili, asiambiwe achonge nini, na akimaliza asiulizwe amemchonga nani.

"Mimi nachonga ninachokiona," alisema. "Ukitaka unachokitaka wewe, nenda kwa seremala."

Basi jioni nyingi Issa alikuja ua wa nyuma, akakaa juu ya tairi bovu, akawa anatazama. Sabina alidhani anapima rejeta.

Kazi ilipokuja ilikuwa imefungwa kwa mkeka. Sabina aliufungua na Andrea akiwa kando yake. Ulikuwa uso. Macho yalikuwa yametoka kama yanataka kumkimbia mwenyewe. Pua ilikuwa imekunjamana mpaka kwenye paji. Mdomo ulikuwa wazi, mkubwa, ulimi umetoka nje, na humo mdomoni ndimo upepo ulimopita kwenda kwenye rejeta, na humohumo, chini ya ulimi, Issa alikuwa ameacha tundu la kuingizia hendeli ya kuwashia injini.

Andrea alitazama mlangoni kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hajaona kitu, lakini kama angekuwa ameona, angesema ni Ndugu Mikaeli.

Ndugu Mikaeli alikuwa Katibu wa Kata. Na kweli, Sabina alipotazama tena alimwona: yale macho, ule mdomo wa mkutano wa hadhara anapofika kwenye neno "wanyonyaji." Alikimbilia kibarazani kwa Issa. Issa akamkumbusha sharti la pili, akaendelea kuchonga kijiko.

Hapakuwa na muda wa kuchonga pua nyingine, kwa sababu Ndugu Mikaeli alikuwa amekwisha kulisikia gari. Mashine ya kusaga mihogo ya Ziwani ilikuwa imekufa, na kijiji kilikuwa kinaomba injini. Katibu alisema mkutanoni kwamba gari lisilobeba mzigo, lisilobeba mgonjwa, lisilobeba hata mkaa, ni mnyonyaji mwenye magurudumu. Atakuja kulikagua mwenyewe. Akiona ni anasa, injini itatolewa ipelekwe Ziwani ikasage.

Sabina alimwendea Bibi Hadija akitafuta mtu wa kumtetea. Bibi alikuwa anatwanga. Alisema yeye hana upande: likikimbia atacheka, likisaga atakula.

Siku ya ukaguzi, Sabina aliufunika ule uso kwa gunia la korosho, akalifunga kwa kamba nyuma ya taa. Ndugu Mikaeli alifika na fimbo yake ya kwapani, akauliza kile kilichofunikwa ni nini. Akajibiwa rangi haijakauka. Akaamuru gari liwashwe.

Sabina akapiga goti, akanyanyua ncha ya gunia kidogo kama mama anayemnywesha mtoto dawa, akapenyeza hendeli mdomoni mwa Katibu wa mti mbele ya macho ya Katibu wa nyama, akazungusha. Gari likanguruma. Madirisha ya ofisi yakatetemeka. Andrea akatabasamu mara moja, akakumbuka yuko wapi, akaacha.

Ndugu Mikaeli hakuwa mtu wa kukagua kimyakimya. Alianza kueleza, injini ikinguruma, kuhusu petroli na taifa, kuhusu Jumapili ambazo watu walikatazwa kuendesha magari yao alasiri na bado wapo wanaoota mashindano. Alieleza kwa kirefu. Sasa, rejeta iliyofungiwa gunia ni kama mtu aliyezibwa pua na kuambiwa akimbie. Mvuke ulianza kutoka pembeni ya gunia, mwembamba, kisha mnene, na sauti ya injini ikabadilika. Sabina aliisikia kabla ya wengine. Kuizima injini namna ile, imechemka na maji hayana upepo, aliona ni kuipasua. Kuliacha gunia ni kuipasua vilevile. Alitazama gunia, akatazama fimbo, akakumbuka kwamba kitu anachojaribu kukiokoa ni injini. Akakata kamba.

Uso ukajitokeza ukipumua mvuke mdomoni na puani.

Andrea aligeuka akaanza kusoma kalenda ya mwaka juzi. Ndugu Mikaeli aliacha hotuba katikati ya neno. Aliinama. Alizunguka upande wa kulia, akazunguka upande wa kushoto, akarudi mbele, akausogelea ule mdomo kwa mdomo wake mpaka Sabina akamwona kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha kinyozi. Kisha mabega ya Katibu yakaanza kutikisika.

"Ismaili," alisema, akashika tumbo. "Huyu ni Ismaili wa Nanyamba mtupu. Hebu tazama huo mdomo. Hivyo ndivyo alivyoufungua mwaka jana alipokaa kwenye kiti changu."

Kila mtu alikijua kisa cha kiti. Sherehe za Saba Saba zilizopita, Ismaili, mwenyekiti wa kijiji kule Nanyamba, alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mgeni rasmi kabla Mikaeli hajafika, akakataa kunyanyuka akidai ana maumivu ya goti. Tangu siku hiyo wawili wale walisalimiana kwa barua.

Katibu alifuta machozi, akatoa uamuzi palepale. Gari litapelekwa Nanyamba Saba Saba hii, likazunguke uwanjani mbele ya wananchi, na pua yake itazamane na jukwaa. Petroli itatolewa. Wananchi wakifurahi, gari litaishi.

"Lakini nikisikia kuna mtu ananicheka mimi," aliongeza, kwa kuwa Katibu hasahau kuwa Katibu, "injini inafunguliwa uwanjani hapohapo. Spana ninakuja nazo."

Sabina alirudi ndani, akakaa chini ya kile kioo chake, hakujitazama.

Saba Saba ilifika. Gari lilipanda Nanyamba juu ya lori la korosho, na Issa na Bibi Hadija wamekaa kando yake kama wazazi wa bwana harusi. Uwanja wa mpira ulikuwa umechorwa duara kwa jivu. Jukwaani viti viwili vya mbele vilikuwa sawasawa, vimepimwa kwa kamba, na mgeni rasmi alikuwa hajafika.

Mwenyekiti Ismaili aliliona gari likiteremshwa. Akasogea. Akausoma ule uso taratibu, kama mtu anayesoma barua ya heri, akarudi kitini akiwa kijana zaidi. Alimsalimia Mikaeli kwa mdomo wake mwenyewe. Akamuuliza watoto hawajambo. Mikaeli akamjibu kwa upole ambao mke wake angeushangaa, akamkaribisha maji. Watu walioujua ugomvi wao waliguswa. Mmoja alisema hayo ndiyo matunda ya umoja.

Sabina hakuguswa. Alikuwa nyuma ya gari, amepiga magoti kando ya pipa la petroli, ovaroli ina mkunjo wake, mpira wa kuvutia mkononi, akisikiliza. Kuvuta petroli kuna adabu yake: unatia mpira ndani ya pipa, unavuta kwa mdomo, na petroli inapokaribia unauchomoa upesi unautia kwenye tangi. Ukichelewa, unakunywa. Alikuwa amefanya hivyo kila jioni ya mwaka mzima, na mara nyingi alichelewa, lakini ua wa nyuma haukuwa na watu.

Akavuta. Wakati huohuo Ismaili, jukwaani, alishindwa kuvumilia.

"Ndugu Mikaeli," alisema, akimgusa goti, "hongera. Hasa kwenye pua, wamekutendea haki."

"Mimi?" Mikaeli akacheka. "Ndugu Ismaili, hiyo pua unakuja nayo kila mkutano."

"Yangu?"

"Na mdomo."

Waligeuka wote wawili wakaitazama, kisha wakatazamana, na kila mmoja alianza kuona jambo ambalo hakulipenda. Chini ya jukwaa wananchi waliokuwa wameanza kucheka hawakujua wamcheke yupi, wakaamua kuwacheka wote. Mikaeli alisimama. Akaomba zile spana. Kisha akaita kwa ile sauti ya neno "wanyonyaji":

"Sabina! Huyu ni nani?"

Jina lake lilimkuta Sabina katikati ya mvuto. Akashtuka, akachelewa, akameza. Akaruka juu kutoka nyuma ya gari, akaja kusimama kando ya pua ya gari akitafuta hewa: macho yametoka kama yanataka kumkimbia, pua imekunjamana mpaka kwenye paji, mdomo wazi, ulimi nje.

Kulikuwa na nyuso mbili pale, moja ya mti na moja ya Sabina, na tofauti ilikuwa rangi tu.

"Kumbe ni mwenyewe," alisema mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma.

Kicheko kilianzia kwake kikaenda kama moto wa pori. Lakini Ndugu Mikaeli hakucheka. Alishuka jukwaani na spana mkononi, Ismaili nyuma yake, akamsimamia Sabina aliyekuwa anatema na kufuta machozi. Akatazama uso wa mti. Akamtazama yeye, sasa amefunga mdomo, amejikusanya, amegeuza shavu la kushoto kwa mazoea.

"Hufanani nao," Katibu alisema.

"Hata kidogo," alisema Ismaili. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana mwaka ule.

Sabina alielewa anachoulizwa. Angeweza kusema kweli, sifanani, na aibu ikaishia hapo, na spana zikaanza kazi. Aliutazama ule mdomo wa mti. Wiki zote hizo alikuwa akiucheka, usiku kitandani, akisema masikini Katibu. Akatazama watu wa Nanyamba, wote, waliovaa nguo zao za sikukuu, na mpiga picha wa mjini ambaye alikuwa amekuja na kamera yake. Akajifuta mikono kwenye ule mkunjo wa pasi. Akarudi kwenye pipa, akachukua mpira, akautia mdomoni, akavuta, na safari hii alichelewa kwa makusudi.

Alisimama kando ya gari akiwa ameufungua mdomo wote, mbele, si upande wa kushoto, akakaa hivyo mpaka Katibu wa Kata na Mwenyekiti wa kijiji walipomzunguka mara mbili. Kamera ikalia.

"Ni yeye," alisema Ismaili, na sauti yake ilikuwa imepona kabisa.

"Ni yeye mtupu," alisema Mikaeli. "Mimi nilijua tangu mwanzo."

Wakashikana mikono kama watu walioachiwa huru siku moja kutoka gereza moja. Kisha Katibu, ambaye sasa alihitaji uamuzi unaolingana na furaha yake, akatangaza kwamba amechunguza na kuona kitu kile si gari binafsi. Gari halina uso. Ni kinyago cha kazi ya mikono yetu, chenye magurudumu, na kwa hiyo kiko chini ya utamaduni, na utamaduni haufunguliwi kwa spana.

Mashindano yenyewe hayakuwa marefu. Sabina alishindana na Bedford, lori la ushirika, na trekta la kijiji. Bedford ilikwenda vizuri mpaka kona ya kwanza, ikaona shule ya msingi mbele yake, ikasimama kufikiri. Sabina aliingia kona ileile bila kupunguza, akakata usukani, na mkia wa gari ukateleza nje kwenye mchanga mwekundu, pua ikatazama kule na gari likaenda huku, vumbi likapanda juu ya jukwaa na kuwapaka wakubwa wote wawili rangi moja. Bibi Hadija alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajacheka hivyo, alisema, tangu marehemu alipodondoka na ndoo yake. Trekta lilimaliza jua likizama, likapigiwa makofi.

Sabina alishinda, akafika palepale alipotoka. Alizima injini, akateremka, akamwendea Issa, ambaye alikuwa amekaa juu ya gurudumu la lori akichonga mpini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mara moja, nikakukumbusha sharti," alisema Issa. "Mimi nilikuwa nakaa pale kila jioni. Ulikuwa unavuta petroli, unameza, unafungua mdomo. Nikasema, huyu hajui anavyopendeza akisahau kioo."

Sabina alitafuta tusi la Kingoni linalofaa, hakulipata, akaona aibu kwamba anatabasamu.

"Mimi nilikujua tangu asubuhi, tukiwa juu ya lori," alisema Bibi Hadija akijikung'uta vumbi. "Sikusema, nilidhani umeagiza."

Tangu mwezi ule, Jumamosi asubuhi, gari lilipelekwa Ziwani. Sabina alilipandisha nyuma kwenye magogo, akafunga mkanda kutoka gurudumu kubwa mpaka kwenye mashine ya kusaga, na kijiji kikapata unga. Hakuna aliyemwamuru. Bibi Hadija alikuwa amesema tu, bila kumtazama mtu, kwamba kinu chake kinazeeka. Mtetea mweusi alirudi kwenye kiti chake bila kuuliza.

Kila alipotaka kuliwasha, Sabina alisimama kwanza mbele ya ule uso. Wanawake wa mihogo walitua ndoo zao, wakisubiri, maana hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda. Naye akapiga goti, akachukua hendeli, akaitia kwenye mdomo wake wa mti, akazungusha.